Sura ya Nne: Kioo, Lenzi na Mfuko Wako

Agosti 2003 kampuni ya Canon ilitangaza kamera iliyoitwa EOS 300D. Bodi yake ilikuwa ya plastiki, kihisi chake kilikuwa na megapikseli 6.3, na bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 899 bila lenzi, au dola 999 pamoja na lenzi. Kabla ya hapo kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi ilikuwa mali ya magazeti makubwa na studio zenye fedha. Kodak DCS ya mwaka 1991, iliyojengwa juu ya bodi ya Nikon F3, iliuzwa kwa takriban dola 20,000 ikiwa na megapikseli 1.3 tu. Nikon D1 ya mwaka 1999 iliteremsha bei hadi kama dola 5,000. Ilipofika 300D, mwalimu, karani na kijana mwenye ndoto ya studio wakaanza kupiga hesabu na kuona kwamba huenda ikawezekana. Nikon wakajibu kwa D70 mwaka 2004, kisha D40 ndogo mwaka 2006, na hapo ukazaliwa ukoo mzima wa DSLR za anayeanza.

Watoto wa mwisho wa ukoo huo ndio utakaokutana nao ukiingia maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam: Nikon D3500, Canon 2000D, Canon 4000D, Canon 250D na ndugu zao wakubwa wa miaka iliyopita. Muuzaji atakuwekea mbili tatu juu ya kaunta na kukusifia zote. Sura hii inataka kukusaidia kabla hujafika kwenye kaunta hiyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mtu anayetaka kujifunza picha za mnato, au kuanza kazi ya picha kwa mtaji mdogo, DSLR ya anayeanza bado ni ununuzi mzuri, mradi apunguze fedha anazoweka kwenye bodi na kuzipeleka kwenye lenzi na mwanga. Kwa anayetaka hasa video, au picha za haraka za kurusha mitandaoni, si chombo chake. Sababu zake nazieleza hatua kwa hatua.

Kinachotokea ukibonyeza

DSLR inatambulika kwa kioo kidogo kilichoinama kwa digrii 45 nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia unagonga kioo hicho, unapanda juu, unageuzwa na kufika kwenye kitundu unachochungulia. Jicho lako linaona mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, bila kuchelewa na bila kula betri. Sehemu ndogo ya mwanga huo hupenya kioo kikuu na kuelekezwa kwenye vihisi vya fokasi vilivyo chini, sakafuni mwa kamera. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mapazia ya shata yanafunguka, kihisi kinapokea picha, mapazia yanajifunga na kioo kinarudi mahali pake. Mlio unaousikia ni wa safari hiyo ya kioo na mapazia.

Ili kamera kama hii iuzwe kwa bei ya chini, kuna vitu vilipunguzwa. Kamera za bei ya juu hutumia bonge la kioo kizito juu ya kitundu cha kutazamia. Hizi zinatumia vioo vyepesi vilivyounganishwa, ndiyo maana ukichungulia unaona kijumba kidogo chenye giza kiasi, tena kinachoonyesha asilimia 95 tu ya picha utakayopata. Bodi ni ya plastiki na haina kinga dhidi ya mvua na vumbi. Gurudumu la kurekebishia ni moja badala ya mawili. Skrini ya D3500 na ya 2000D imegandishwa mgongoni, haikunjuki. Kwenye Canon 4000D hata pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki, na kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha kitundu kulingana na macho ya mtu kimeondolewa. Mwenye miwani afikirie mara mbili kabla ya kuichukua hiyo.

Kitu kimoja hakikupunguzwa: ukubwa wa kihisi. Kihisi cha D3500 kina milimita 23.5 kwa 15.6, karibu sawa na kile cha Nikon D7500 iliyotoka mwaka 2017 kwa bei zaidi ya mara mbili. Hili likikaa kichwani, sura yote itakuwa rahisi. Faida za kamera hizi zinatoka kwenye kihisi na lenzi. Kasoro zake zinatoka kwenye vilivyopunguzwa, na kwenye umri wa teknolojia ya kioo.

Kihisi kikubwa kinakupa nini

Simu nzuri ya siku hizi inaweza kuwa na kihisi cha takriban milimita 10 kwa 7, na simu za bei ya chini zina kihisi kidogo zaidi ya hicho. Kihisi cha DSLR ya anayeanza kina eneo karibu mara tano ya kile cha simu nzuri. Kwenye jua la saa nne asubuhi tofauti hiyo huioni sana, kwa sababu mwanga ni mwingi na programu za simu ni hodari: zinapiga picha kadhaa kwa mkupuo, zinaziunganisha, zinang'arisha kivuli na kutuliza anga. Ukiangalia picha ya aina hiyo kwenye skrini ya simu, huenda ukaipenda kuliko ya kamera.

Tofauti inajitokeza jua likizama. Ukumbini, kwenye mkesha, au chini ya turubai lenye taa mbili za manjano, programu ya simu inalazimika kukisia: nywele zinakuwa kama zimepakwa rangi, ngozi inalainishwa hadi mtu afanane na sanamu, na anayecheza anaacha mkia wa ukungu nyuma yake. Kihisi kikubwa kinapokea mwanga zaidi na hakihitaji kukisia sana. Zaidi ya hapo, kamera inakupa faili ya RAW, yaani taarifa zote kama kihisi kilivyozipokea kabla hazijabanwa. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi. RAW ya kamera hizi ina ngazi 4,096 au zaidi. Simu nyingi za bei ya juu nazo hutoa RAW, lakini kutoka kwenye kihisi kidogo. Uso uliotoka mweusi mno kwenye JPEG mara nyingi haurudi. Kwenye RAW ya kihisi kikubwa unaweza kuunyanyua na ukapata macho, mashavu na tabasamu.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kipima mwanga cha kamera kimeundwa kwa dhana kwamba wastani wa mandhari yoyote ni kijivu cha kati. Bibi harusi wa rangi ya maji ya kunde au mweusi, aliyevaa gauni jeupe linalojaza fremu, anakichanganya kipima hicho: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Ukikiambia kipime uso wake peke yake, kinafanya kosa la upande wa pili: kinang'arisha ngozi nyeusi hadi ifike kwenye kijivu chake, na ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu. DSLR ina kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, chenye alama ya jumlisha na kutoa. Kwa gauni jeupe linalojaza fremu, ongeza hatua moja kisha angalia. Kwa uso mweusi uliopimwa peke yake, punguza nusu hatua au hatua nzima. Mpiga picha anayejua kitufe hicho anawatendea haki watu wake. Asiyekijua anarudisha albamu ya nyuso zisizotambulika, hata awe na kamera ya mamilioni.

Lenzi ndiyo mali

Kamera hizi huuzwa na lenzi ya 18-55mm. Ni lenzi yenye matumizi mengi: 18mm inachukua sebule nzima au kikundi cha familia, 55mm inasogeza uso wa mtu mmoja. Udhaifu wake ni tundu. Kwenye 18mm tundu linafunguka hadi f/3.5, na ukivuta hadi 55mm linabana hadi f/5.6. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo na mwanga unaopita ni kidogo. Watu wengi hununua DSLR, wanapiga picha usiku kwa lenzi hii, wanaona punje na ukungu, kisha wanasema kamera ni mbovu. Kamera haina kosa.

Linganisha na lenzi ya 50mm f/1.8. Canon walitoa toleo lao la STM mwaka 2015 kwa dola 125 hivi. Nikon wana 35mm f/1.8 ya mwaka 2009 iliyotengenezwa kwa ajili ya kihisi hiki, ilianza kwa dola 200 hivi. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara 10 ya tundu la f/5.6. Maana yake kwa vitendo ni hii: picha iliyokulazimisha kupandisha ISO, yaani usikivu wa kihisi kwa mwanga, hadi 6400 kwa lenzi ya kwanza, kwa kasi ileile ya shata unaipiga kwa ISO 640 hivi ukitumia lenzi ya pili. Punje zinatoweka, rangi zinarudi. Hakuna bodi mpya itakayokupa mruko huo kwa fedha hizo.

Lenzi hii pia ndiyo inayotoa picha ambazo wateja huziomba, mtu akiwa mkali na nyuma yake kumelainika. Ila ina masharti. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu na kufungua f/1.8, eneo lililo kali ni kama sentimita 10 tu; fokasi ikitua kwenye sikio, jicho limekwenda. Na kwa ukubwa wa kihisi hiki, lenzi ya 50mm inabana. Ukitaka kumpiga mtu mzima kimo kamili, wima, unahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita 4. Kwenye sebule ya nyumba nyingi za mjini nafasi hiyo haipo, na hapo ile 18-55mm inarudi kazini.

Faida nyingine ya lenzi ni kwamba zinadumu kuliko bodi. Mfumo wa EF wa Canon ulianza mwaka 1987, na lenzi za EF za tangu wakati huo hadi leo zinafunga na kufanya fokasi zenyewe kwenye 2000D au 250D. Nikon walianza mfumo wao wa F mwaka 1959, lakini kuna tahadhari: bodi za D40, za mfululizo wa D3000 na za mfululizo wa D5000 hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua lenzi ya zamani kama 50mm f/1.8D kwa kuwa ni rahisi, itabidi uzungushe fokasi kwa mkono siku zote. Kwa kamera hizo tafuta lenzi yenye maandishi AF-S, au AF-P ukiwa na D3500.

Shule iliyo mkononi

Picha yoyote inatokana na maamuzi matatu: tundu la lenzi liwe pana kiasi gani, shata ifunguke kwa muda gani, na ISO iwe ngapi. Simu inayafanya yote kwa niaba yako, na inayafanya kwa werevu, ndiyo maana mtu anaweza kupiga picha kwa simu miaka mingi asijue kwa nini moja ilitoka na nyingine haikutoka. DSLR ya anayeanza inakupa gurudumu lenye herufi. Ukiweka A kwenye Nikon, au Av kwenye Canon, unachagua tundu na kamera inatafuta kasi. Ukiweka S au Tv, unachagua kasi na kamera inatafuta tundu. M inakuachia yote.

Anza na A au Av, na usiione M kuwa ndiyo heshima ya fundi. Piga mtu aliyesimama kwa f/1.8, kisha f/4, kisha f/8, uangalie nyuma yake kunavyobadilika. Halafu nenda S au Tv: piga wachezaji kwa 1/60, uone mikono inavyopotea, kisha kwa 1/250, uone inavyotulia. Elimu hiyo haichakai. Ukihama kesho kwenda kamera ya kampuni nyingine, au ukishika simu, unabaki nayo.

Kuchungulia kwenye kitundu nako kunafundisha. Jua la Dodoma au Garissa la saa sita linaiua skrini yoyote. Kitundu cha DSLR hakijali jua. Unapofunga jicho moja na kuyaacha mambo mengine yote nje, unaanza kuona kingo za fremu: mkono uliokatwa, nguzo ya umeme iliyoota kichwani kwa bwana harusi. Kitundu hicho, hata hivyo, hakikuonyeshi picha itakuwa na mwanga kiasi gani. Kila baada ya kubadilisha mpangilio, tazama skrini na uhakikishe.

Betri, mkono na heshima

Kwa kipimo cha viwanda, betri ya D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, na ya 2000D picha 500. Canon M50, kamera isiyo na kioo iliyotoka mwaka 2018 kama hizo mbili, ilipimwa picha 235, kwa kuwa skrini zake hazizimiki unapoitumia. Kwa anayefanya kazi mahali umeme unakatika bila taarifa, au anayekwenda harusi kijijini na kurudi kesho yake, namba hizi zina maana kuliko megapikseli. D3500 pamoja na betri na kadi ina gramu 415. Hata ukiongeza lenzi haifiki gramu 700. Unaweza kuivaa shingoni tangu nikaha ya asubuhi hadi karamu ya usiku.

Lipo pia jambo la kijamii ambalo vitabu vya ughaibuni havilitaji. Kwenye sherehe ambayo kila mgeni ana simu, kamera yenye lenzi inayoonekana inamtambulisha fundi. Watu wanakupisha, wazee wanajiweka sawa, mteja anaona fedha yake imekwenda kazini. Heshima hiyo ina wajibu wake. Lamu, Mji Mkongwe na kwingineko watu wengi, hasa akina mama, hawapendi kupigwa picha bila kuombwa, na kamera kubwa inatisha kuliko simu. Omba ruhusa, na ukikataliwa shusha kamera.

Zilipo kasoro

Video ndiyo kasoro kubwa. D3500 na 2000D zinarekodi kwa ubora wa 1080p, lakini hazina tundu la kuchomekea maiki, na fokasi yake wakati wa video ni ya polepole, inayotafutatafuta. Mahojiano utakayorekodi yatakuwa na sauti ya feni na pikipiki kuliko ya msemaji. 250D ya mwaka 2019 ina tundu la maiki, skrini inayokunjuka na video ya 4K, ila kwenye 4K inakata kingo za picha na kupoteza ule mfumo wake mzuri wa fokasi. Kama mpango wako ni chaneli ya video au kurekodi harusi, fedha hizo ziongezee kidogo ununue kamera isiyo na kioo, au tumia simu nzuri na maiki ya pembeni.

Fokasi ya kitunduni ina vituo vichache: 11 kwenye D3500, 9 kwenye 2000D, na kile cha katikati ndicho kinachoaminika gizani. Mafundi wa kamera hizi huchagua kituo cha katikati, hulenga jicho, hushikilia kitufe nusu, kisha hupanga fremu. Kamera zisizo na kioo za leo hulifuata jicho la mtu zenyewe popote lilipo, na kwa lenzi ya f/1.8 msaada huo si mdogo.

Mlio wa kioo nao ni tatizo mahali pa utulivu: msikitini wakati wa khutba ya nikaha, kanisani wakati wa viapo, kwenye mazishi. Kasi ya kupiga mfululizo ni picha 5 kwa sekunde kwenye D3500 na 3 kwenye 2000D. Inatosha harusi, haitoshi mpira.

Fleshi ndogo inayochomoza juu ya kamera ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Ile ya D3500, ukiwa na ISO 100 na tundu la f/5.6, inafika mita 1.25 tu, ukipandisha ISO hadi 400 inafika mita 2.5. Inampiga mtu usoni moja kwa moja, inang'arisha jasho na kutupa kivuli kikali ukutani. Fleshi ya nje inayogeuzwa kuelekea dari jeupe ni ununuzi wa pili baada ya lenzi. Hapo nako kuna mtego: Canon 250D iliondolewa kiunganishi cha katikati juu ya kamera, kwa hiyo fleshi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine haziwaki juu yake. Nenda dukani na kamera yako, uijaribu fleshi kabla hujalipa.

Ukoo unaofunga mlango

Mwaka 2018 Canon na Nikon walianzisha mifumo yao mikubwa ya kamera zisizo na kioo, EOS R na Z. Baada ya mwaka 2020 hakuna hata mmoja kati yao aliyetoa DSLR mpya, na D3500 haitengenezwi tena. Hili lisikutishe wala lisipuuzwe. Kamera iliyopiga picha nzuri mwaka 2018 inapiga picha nzuri leo, na kwa kuwa wenye fedha wanahama, mtumba ni mwingi na bei zinashuka. Lenzi zako pia hazifi: lenzi za EF zinafanya kazi kwenye kamera za EOS R kwa kiunganishi, na za AF-S kwenye kamera za Z. Upande wa pili, vipuri vitazidi kuadimika, na bodi utakayoinunua leo utaiuza kwa hasara. Inunue kwa nia ya kuitumia hadi iishe.

Hesabu kamili na ukaguzi wa mtumba

Bei iliyo kwenye lebo ni mwanzo tu. Ongeza kadi mbili za kumbukumbu, betri ya akiba, begi, lenzi ya pili, fleshi, na mahali pa kuhifadhia kazi. Faili moja ya RAW ya megapikseli 24 ina MB 20 hadi 30. Harusi ya picha 1,000 inakula GB 20 au zaidi, na lazima iwepo nakala ya pili. Ushauri wangu ni kwamba bodi isile zaidi ya nusu ya bajeti yako. Anayemaliza fedha zote kwenye bodi anabaki na lenzi ya giza, kadi moja na wasiwasi.

Mtumba ndio njia ninayoipendekeza, lakini rahisi huwa ghali kwa asiyekagua. Jambo la kwanza ni majina: Canon ileile huuzwa kwa namba Ulaya na Afrika, kwa jina la Rebel Marekani na Kiss Japani. 2000D, 1500D na Rebel T7 ni kamera moja, basi usilipie zaidi kwa sababu ya jina geni.

Pili, uliza idadi ya picha zilizopigwa. Shata za daraja hili hukadiriwa kudumu karibu picha 100,000. Kwa Nikon, piga picha moja ya JPEG kisha uisome kwa programu ya bure kama ExifTool. Idadi imeandikwa ndani ya faili. Kwa Canon za daraja hili kwa kawaida unahitaji kuiunganisha kamera na kompyuta yenye programu maalumu. Muuzaji akikataa, bei iteremke.

Tatu, toa lenzi na umulike ndani kwa tochi ya simu ukiangalia upande wa pili. Vinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, unyevu wa hewa unaikuza kuvu hiyo ndani ya lenzi zilizofungiwa kabatini. Lenzi yenye kuvu iache. Zako zihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uzitumie mara kwa mara.

Nne, piga ukuta mweupe kwa f/16. Madoa yatakayoonekana ni vumbi la kihisi. Machache yanasafishika, mikwaruzo haisafishiki. Tano, jaribu kila kitufe, fleshi, mlango wa kadi na tundu la kuchomeka waya, na uangalie betri kama imevimba. Ukishakuwa mwenye kamera, zima kabla ya kubadilisha lenzi, elekeza mdomo wake chini, na usiifungue kando ya barabara ya vumbi.

Hukumu

Nunua DSLR ya anayeanza kama unataka kuijua kazi ya picha tangu msingi, kama kazi yako ni picha za watu, pasipoti, shule, bidhaa na harusi za kawaida, na kama mtaji wako hauruhusu kamera isiyo na kioo pamoja na lenzi nzuri. Chagua D3500 ukitaka betri ya kudumu, au 250D ukihitaji skrini inayokunjuka na maiki. 2000D inatosha ukiipata kwa bei nzuri. 4000D iache, isipokuwa kama ndiyo pekee mfuko unayoiruhusu.

Usiinunue kama kazi yako ni video, kama unapiga michezo ya kasi, au kama picha zako zinaishia kwenye WhatsApp dakika ileile zilipopigwa. Simu yako inatosha, na fedha hizo zina kazi nyingine.

Ukishainunua, usikimbilie bodi ya juu zaidi mwaka unaofuata. Tafuta lenzi ya f/1.8, jifunze mwanga wa dirishani, piga nyuso za jamaa na majirani hadi ujue kila ngozi inataka nini, na uchapishe picha zako kwenye karatasi. Siku utakapoweza kusema kwa uhakika ni picha gani kamera hii imekunyima na kwa nini, hapo ndipo utakapokuwa tayari kununua nyingine.